Chunusi ni Mgeni, Kovu ni Mwenyeji

Mume wangu alipiga watu picha maisha yake yote ya kazi. Mtaani walimwita Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila mteja kabla ya kufyatua. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba alimwoza mpwa wake kwa picha ya uongo. Nilikuwepo, na haikuwa hivyo.

Alianza na kamera ya mbao ya miguu mitatu, yeye mwenyewe akiwa amejifunika kitambaa cheusi. Filamu yake ilikuwa bapa, kubwa kama kiganja, na ukubwa huo ndio uliompa sifa. Akishaisafisha kwa dawa katika chumba cha giza na kuikausha, aliilaza juu ya kioo kwenye meza ya dirishani, mwanga ukipenya kutoka chini, kisha akagusa nyuso kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Kwenye filamu, cheusi huwa cheupe. Doa la usoni huonekana kama kitobo kinachopitisha mwanga. Penseli hukiziba, na picha ikichapwa, ngozi hutoka nyororo.

Alikuwa na sharti moja. "Chunusi naondoa, kovu siondoi. Chunusi ni mgeni, kovu ni mwenyeji." Wateja walinuna, lakini walirudi.

Sharti hilo alilivunja mara moja, kwa ajili ya dada yake. Wifi yangu alikuwa na binti mmoja, aliyeungua shavu la kushoto kwa maji ya moto utotoni. Posa ilitoka mji wa mbali. Mchumba alikuwa mwalimu, na aliomba picha.

"Kaka, hilo shavu lipitishie mkono," wifi alisema.

"Unajua makovu siondoi."

"Ya watu usiondoe. Huyu ni damu yako. Au unataka azeekee kwangu?"

Tulia akakaa dirishani kutwa nzima. Picha ilitoka safi kuliko zote alizowahi kuchapa, na wifi akaituma siku hiyo hiyo.

Baadaye binti akaja studio kuchukua nakala yake. Aliitazama, akanigeukia mimi niliyekuwa mezani. "Mkazamjomba, huyu ni nani?" Kisha akamfuata mjomba wake. "Mjomba, mwalimu wa watu atashuka stendi anitafute, anipite nimesimama mbele yake."

"Mama yako ndiye aliyetaka."

"Basi na amwoe mama. Mimi nataka uso wangu."

"Atanila mbichi."

"Anza kukimbia, Mjomba. Mimi nimeshazoea kutafunwa."

Tulia hakubishana zaidi. Aliitoa filamu, akachovya pamba kwenye tapentaini, akapangusa. Kazi ya kutwa nzima iliisha kabla chai yake haijapoa. Akachapa picha nyingine, na binti akaipeleka posta mwenyewe.

Wifi alipojua aliwaka moto. Akaenda sokoni kutangaza kwamba kaka yake amemvunjia mwanawe ndoa. Huko wasikilizaji wakaongeza chumvi yao: kumbe studio ile inauza nyuso za bandia! Wakati huo hakuna aliyejua kama posa ingali hai au imekufa. Mwalimu alikuwa kimya.

Bahasha ikafika. Wifi akaja kuifungulia studio, mbele ya wateja, ili aibu imkute kaka yake hapo hapo. Ndani mlikuwa na picha tu, bila barua.

"Si nilisema? Wamerudisha! Haya Tulia, umetulia sasa?"

Binti yake alikuwa mlangoni. "Wamerudisha ipi, Mama?"

Wifi akaigeuza picha kwenye mwanga. Ilikuwa ile yenye shavu laini.

"Basi ile nyingine wamebaki nayo," alisema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti, na ambaye hakuna aliyemuuliza.

Walioana. Siku ya harusi bibi arusi aligeuzia taa shavu la kushoto kabla hajaelekezwa. Akaambiwa "Tulia" kama mteja mwingine yeyote, na penseli haikuguswa. Lakini aliyetawanya maneno sokoni hakurudi sokoni kuyakusanya.

Baadaye zikaja kamera ndogo za rangi. Filamu yake ilikuwa nyembamba mno, uso mzima hauzidi punje ya dengu, penseli isingepata pa kushika, na kazi ya kuchapa ikahamia kwenye mashine. Siku hizi simu hulainisha uso wa mtu bila hata kuombwa. Meza ya dirishani tuliigeuza ya kupigia pasi.

Picha iliyorudishwa ninayo. Wifi alitaka ichanwe, na kwa hilo mimi nilikuwa upande wake. Mume wangu alikataa. Alisema ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote, akaifungia kwenye droo ambayo mteja hakuwahi kuonyeshwa.