Mkono Uliozuia Ufunguo

Amefariki fundi wetu wa umeme wa magari, yule mama wa kutoka Mbeya aliyekuwa na gereji kandokando ya barabara ya Matai. Habari zilinikuta nikinywa chai, nikaiacha ikapoa. Wasomaji wangu wa Sumbawanga wanamfahamu, na wengine, najua, bado wana kinyongo naye, maana akiwa kazini alikuwa haitikii salamu wala haamkii mtu. Hapa Ufipa utasamehewa mengi, lakini si kumpita mzee bila shikamoo.

Siku moja nilimkuta na gari la wagonjwa la zahanati moja ya bondeni, upande wa Ilemba. Lilikuwa linaishiwa nguvu kwenye mlima, na dawa yake ilikuwa kuiwekea kontroboksi, ile kompyuta inayoongoza injini, programu mpya. Fundi alikuwa amefunga betri ya pili kuisaidia ya kwanza, akazima redio, feni na taa, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akaunganisha mashine yake ya kupimia. Mstari wa kuonyesha kazi ilipofika, kwenye kioo cha mashine, ulikuwa umefika katikati pale simu ya dereva, mzee wa rika la baba wa fundi, ilipolia. Kule bondeni kulikuwa na mjamzito anayevuja damu, na gari lilitakiwa saa ileile.

"Binti, chomoa madude yako, niondoke!"

"Baba, usiguse. Ukizima sasa hivi kontroboksi inakufa, na gari haliwaki tena."

"Mtu anakufa, wewe unacheza na kompyuta?"

Mzee alipenyeza mkono dirishani, akashika ufunguo. Fundi, aliyekuwa ameketi ndani ya gari, akaudaka mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubana kwenye usukani. Watu wakapiga kelele: mwanamke kumkamata mzee hadharani! Mstari ukaganda. Niliogopa, sitaficha, nilimwona yule mjamzito wa bondeni kana kwamba yuko mbele yangu. Fundi hakubanduka. Mstari ukasogea, ukasogea tena, mashine ikaandika kwamba imekamilisha. Akazima mwenyewe kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado umembana mzee, akasubiri kidogo, akawasha. Injini ikaitika. Ndipo alipouachia mkono, akachomoa mashine na betri ya pili, akapiga goti kwenye mafuta machafu.

"Shikamoo, baba. Nenda."

Mzee aliondoka bila kujibu. Mama na mtoto walifika hospitali wakiwa hai. Wiki kadhaa baadaye dereva alikuja na debe la ulezi, akalitua mlangoni pa gereji na kusema, "Marahaba, mwanangu."

Tunasema haraka haraka haina baraka, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu ambaye mgonjwa wake anavuja damu. Huruma nayo hukimbia, ikaharibu kile kile inachokikimbilia. Siku hizi tumejaa watu wa kutufurahisha, wanaoachia ufunguo mara tukipaza sauti. Wa kutushika mkono tumebaki nao wachache, na kesho tunamzika mmoja, aliyekubali kuchukiwa mbele ya watu ili mwanamke asiyemjua afike hospitali.