Kunde za Kwenye Chupa

Chaka, chaka, chaka. Kila Ijumaa asubuhi bibi alitikisa chupa ya kunde karibu na sikio, kama mtu asikilizaye simu yenye mtandao mbovu. Ndani mlikuwa na kunde kavu, zimechanganywa na jivu zisiingie wadudu, na mdomo umezibwa kwa gunzi. "Zi hai bado," husema, kisha huirudisha juu ya kabati.

Kwetu ni Shika Adabu, Likoni, na nyuma ya nyumba tuna kishamba. Mbegu ile bibi alipewa na mamake, na kila masika huipanda tena. Za dukani hazitaki. "Wapanda leo, mwakani warudi kununua. Mimi siolewi na duka."

Siku moja, mvua zikinukia, bibi alikwenda Bombolulu kumjulia hali dadake. Mimi nilibaki na ndoto yangu ya mkahawa. Majina ya vyakula nilikuwa nayo yote kichwani, vilikosekana vyakula tu. Nishakuna nazi, nikakuta kopo la kunde li tupu. Nikainua macho juu ya kabati.

Jivu nililiosha vizuri, wallahi, maji matatu.

Bibi alirudi na njaa. Akala, akaramba vidole.

"Leo umepika, mwanangu. Kunde umenunua wapi?"

"Sikununua, bibi. Ni zile za kwenye chupa."

Akaacha kutafuna. Akatazama sahani, akatazama kishamba.

"Basi tumelila shamba," akasema. "Na chumvi imekolea."

Nilicheka, mpaka nilipoyaona macho yake.

Ndipo nikakumbuka maji ya kuoshea, niliyamwaga chini ya mgomba. Nikapiga magoti kwenye tope la jivu, nikishindana na kuku wa jirani ambao walikuwa wameniwahi. Nikaokota kunde saba.

Bibi akazipokea kiganjani. "Mamangu alinipa ukufi mzima," akasema. "Haya. Tutaanza na hizi."

Zikaota tano. Masika yale hatukuchuma hata jani la mboga, tuliziacha mpaka maganda yakakauka. Bibi alikuwa msikitini siku niliyozipura. Nikazichanganya na jivu, nikazitia chupani, nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: SI ZA KULA. Nikaibandika kwa ugali.

Bibi hajui kusoma, na mpishi wa nyumba ile ni mimi.