Fundi wa Buyenzi aliyetoa tembo kwenye basi lililoungua

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla jua la Bujumbura halijaanza kuuma, Twalibu Rashidi amelala chali chini ya tumbo la tembo. Miguu yake imetokeza nje kama ya fundi aliye chini ya lori. Spana namba kumi na tisa iko mkononi, boliti ameibana kwa meno. Anagonga, anasikiliza, anagonga tena.

Pembeni, watoto ishirini na watatu wa shule ya chekechea ya Jabe wamepanga mstari wakisubiri ruhusa.

"Mzee Twalibu, anaumwa?" anauliza Chanelle, msichana wa miaka mitano aliyejiweka mbele ya wote.

"Apana. Anakazwa tu. Hata we, mama anakufunga vifungo asubuhi."

Chanelle anatazama vifungo vya sare yake, anaridhika. Twalibu anajivuta nje, anajipangusa mikono kwenye ovaroli, kisha anaupiga mkonga makofi mawili. Ruhusa imetoka.

Tembo huyu ni wa chuma. Watoto huingilia mlango mdogo ulio chini ya mkia, hupanda ngazi ya vipandio sita ndani ya tumbo, hutokezea kwenye paji la uso na kuteleza juu ya mkonga mpaka kwenye mchanga. Inapofika saa nne bati linakuwa kaango, na mkuu wa shule, Madamu Béatrice, huufunika mkonga kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Kwa hiyo kila mtoto hutaka zamu ya asubuhi, na mwaka huu wa 2005 shule hii ndogo haina mchelewaji hata mmoja.

Twalibu ana miaka hamsini na minane. Ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, kazi aliyoianza akiwa na miaka kumi na mitano katika mtaa huo huo wa Buyenzi alikozaliwa. Siku njema huingiza faranga elfu nne. Siku mbaya, anasema, huenda nyumbani na harufu ya rangi tu.

"Babu yangu alitokea Ujiji," anasimulia. "Ujana wake aliumalizia katika misafara, pembe ya tembo begani. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko lingine mpaka anakufa. Nyumbani kwetu tembo alikuwa katika kila hadithi. Lakini tembo mwenyewe, mzima, anayetembea, mi sijapata kumuona mpaka leo."

Vita vilipoufikia mtaa wake mwaka 1995, alifunga gereji, akavuka mpaka na mkewe kwenda Uvira. Aliporudi baada ya miezi mitano alikuta kuta bila paa. Mwaka uliofuata nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo na vipuri vikaadimika. Wenzake wengi walikata tamaa. Twalibu alijifunza kukata mapipa ya mafuta na kuyageuza kuwa bamba, milango na mabawa ya juu ya magurudumu.

"Hapo ndipo nilipojua bati halina kabila wala kiwanda," anasema. "Ukilipiga vizuri, linakuwa unachotaka."

Tembo alianza kama kero. Tangu mwaka 2003 basi dogo lililoungua lilikuwa limeegemea ukuta wa shule ya Béatrice, likiwa na matundu ya risasi ubavuni. Hakuna aliyelidai. Watoto walilifanya uwanja wao, na kila wiki mmoja alirudi darasani akivuja damu gotini au kiganjani. Januari mwaka huu Béatrice alikwenda Buyenzi kumtafuta mtu wa kuliondoa.

"Nilimwambia alichukue bure," anakumbuka mwalimu huyo. "Akalizunguka mara tatu. Halafu akaniuliza, 'Madamu, watoto wako wanataka nini?' Kwa miaka kumi na miwili ya vita hakuna mtu aliyekuja shuleni kwangu na swali hilo."

Watoto waliulizwa. Walitaka kitu cha kuteleza, nacho kiwe mnyama. Mamba alipata kura tatu, twiga tano. Waliobaki wote walimtaka tembo.

Twalibu alilivuta basi hadi Buyenzi na kulikata vipande. Paa likawa mgongo, mapipa manne yakawa miguu, boneti mbili za Pijo kuukuu zikawa masikio. Matundu ya risasi aliyaziba moja moja kwa kuchomelea. Yalikuwa thelathini na moja. Umeme ukikatika alifanya kazi ya nyundo, ukirudi akachomelea. Baada ya wiki tatu tembo alikuwa amesimama barabarani mbele ya gereji, na watu walikuwa wakitoka misikitini na madukani kuja kumtazama.

Upande wa pili wa barabara alikuwepo mwanamke mmoja akiuza maandazi. Siku tatu alitazama tu. Siku ya nne alivuka.

"Fundi, nani amekuambia huyu ni tembo?" aliuliza. "Huyu ni ng'ombe amevimba."

Waliokuwepo waliangua kicheko. Twalibu hakucheka. "Niliumia," anakiri. "Nikamuuliza, we mama unajuaje? Akaniambia, 'Walikula mahindi yangu miaka tisa. Nitakosaje kuwajua?'"

Mwanamke huyo ni Consolée Birindwa, miaka arobaini na minne, ambaye wateja wake humwita Mama Lisette kwa jina la binti yake. Aliishi Rwindi, mashariki ya Kongo, ndani ya hifadhi ya Virunga, ambako mumewe alikuwa akitengeneza barabara za hifadhi. Mume alifariki na kuzikwa huko huko. Mwaka 1998 vita vilimsukuma Consolée hadi Bukavu, kisha Uvira, kisha Buyenzi, akiwa na binti yake na sufuria mbili.

Jioni hiyo alimzunguka tembo wa bati akiyataja makosa yake kama hakimu.

"Miguu ya nyuma umeikunja kama ya ng'ombe. Tembo anakunja goti mbele, kama mutu anapiga magoti kanisani. Vidole umeweka vitano kila mahali. Wa kwetu Rwindi alikuwa na kucha nne mbele, tatu nyuma. Na masikio yananing'inia kama ya mbuzi. Sikio la tembo ni la kupepea. Damu inapita mule, inapoa, inarudi mwilini. Sasa huyu wako atapoaje na joto la Bujumbura?"

Twalibu alirudi nyumbani akasimulia. Mkewe alimshauri aachane na maneno ya muuza maandazi. Watoto wa miaka mitano watajua wapi habari za magoti? Vijiti vya kuchomelea vimekaribia kwisha, muhula wa tatu unaanza baada ya Pasaka, na wateja wenye magari wameanza kwenda gereji za jirani.

Alfajiri, baada ya swala, alichukua msumeno akaikata miguu yote miwili ya nyuma.

"Mtoto akikuta uongo kwenye kitu ulichomtengenezea, atakutafutia na uongo mwingine," anasema. "Mi nilitaka waulize, wajibiwe kweli."

Tangu siku hiyo Consolée alivuka barabara kila alipomaliza kuuza. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaelekeza kwa kidole. Twalibu alipinda bati, akauliza. Hanywi maji kwa pua? Apana, anavuta kwa mkonga halafu anajimiminia mdomoni. Na mtoto mchanga, ambaye mkonga bado unamshinda? Huyo anainama, anakunywa kwa mdomo kama ndama. Mimba je? Miezi ishirini na miwili. Hapo wanawake waliokuwa wakipita walisimama kumhurumia tembo.

"Miaka sita nilikuwa nimenyamaza habari za kwetu," anasema Consolée. "Nani ataniuliza? Hapa kila mutu ana zake. Sasa huyu mzee ananiuliza tembo alikuwa anapita saa ngapi, anapita wapi, nami najikuta naiona nyumba yangu, jiko, njia ya kwenda mtoni. Nilirudi kwangu mara nyingi, nikiwa pale pale kwenye tairi."

Jumatatu ya kwanza ya Aprili, mvua ilipopumzika, vijana kumi na wawili wa gereji walimpakia tembo kwenye mkokoteni wa magurudumu manne na kumsukuma kuelekea Jabe. Njiani walikutana na kizuizi cha askari.

Sajenti wa zamu alimtazama tembo, akamtazama Twalibu.

"Ndani kuna nini?"

"Ngazi, afande."

"Tembo gani ana ngazi?"

"Wa watoto, afande."

Sajenti hakuridhika. Kitu kikubwa namna ile, chenye tumbo tupu, kinaweza kubeba bunduki arobaini. Twalibu alikuwa ameona vitu vingi vikitobolewa kwa singe miaka ile, magunia, magodoro, hata kitanda cha mgonjwa. Alijiona akirudi Buyenzi na vipande.

Sajenti alimpa mwenzake bunduki, akafungua mlango wa chini ya mkia, akaingia. Watu walisikia buti zikipanda kipandio kimoja kimoja. Kisha kofia ikatokea kwenye paji la tembo, na chini yake uso wa sajenti. Alijaribu kugeuka, mabega yakagoma.

"Afande," Twalibu alimwambia kwa upole, "huko hakuna kurudi. Ni kuteleza tu."

Sajenti akakaa, akanyoosha miguu, akateleza mkonga wote mpaka barabarani. Akasimama, akajipangusa suruali. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Ni kweli analala amesimama?" aliuliza hatimaye.

"Anaweza kusimama, anaweza kujilaza. Lakini ni saa chache tu, afande. Muda mwingi anakula."

"Kama sisi zamu ya usiku, ila sisi hatuli." Akaashiria kizuizi kiondolewe. Mkokoteni ulipoanza kusogea, akamgeukia mwenzake. "Na we ingia. Ukague vizuri."

Mkokoteni ukasimama tena. Askari wa pili alikagua. Safari hii watu walicheka, na sajenti alikuwa wa kwanza.

Siku hizi, kila Ijumaa asubuhi, Consolée hufika shuleni na beseni la maandazi, hukaa karibu na mguu wa mbele wa tembo kujibu maswali. Béatrice humlipa kidogo na kumnunulia beseni zima. Watoto humwita Bibi Tembo, jina ambalo anasema halimpendezi, kisha anaitika.

Maswali hayaishi. Je, tembo anaogopa panya? Hajaona. Nyuki, ndiyo. Majirani zake walipoweka mzinga shambani, tembo walipita mbali. Anaishi miaka mingapi? Sitini, akibahatika zaidi. Meno yake huota kwa zamu sita, na ya mwisho yakiisha hana tena cha kutafunia. Anaweza kuruka? Hapana, na Chanelle aliposikia hivyo aliruka mara nne palepale ili tembo aone.

Ijumaa moja mtoto mwingine aliuliza, "Tembo mwingine akifa, wanalia?"

"Wanasimama pale," alisema Consolée. "Wanamgusa kwa mkonga, polepole. Hata mifupa wanaigusa. Wanachelewa kuondoka. Kulia, siwezi kusema. Sijawahi kuwa karibu hivyo."

"Halafu?"

"Halafu wanaenda kula. Njaa iko palepale." Naye akawagawia maandazi.

Swali lililomrudisha Twalibu kazini lilitoka kwa Chanelle. Consolée alikuwa akieleza kwamba madume wakikua huondoka, na kwamba kundi huwa la mama, dada na watoto, likiongozwa na bibi aliye mkubwa kuliko wote kwa sababu ndiye anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Majike, alisema, hawakai peke yao.

Chanelle alitazama tembo wa bati uani. "Huyu ni mama?"

"Ni mama," alijibu Twalibu, aliyekuwa akikaza boliti.

"Sasa mbona umemuacha peke yake?"

Twalibu alimaliza boliti zake, akarudi Buyenzi, na usingizi ulikataa mpaka alipomuahidi mkewe kwamba tembo wa pili atakuwa mdogo.

Ataanza na ndama, mwenye mkonga mfupi kwa watoto wanaoogopa kwenda juu. Shule nyingine mbili, moja ya Kamenge na moja ya Ngagara, zimeshatuma watu kuuliza bei. Consolée amekubali kusimamia, kwa sharti moja: apewe kiti badala ya tairi. Malighafi haimtii Twalibu wasiwasi. Magari yaliyoungua yamejaa kandokando ya barabara zote zinazotoka mjini, na wenye nayo hawaulizi tena.

"Wengine wanapita pale wanageuza uso," anasema. "Mi siku hizi nasimama. Naangalia, huyu ana mgongo mzuri, huyu atatoa masikio. Mungu akinipa miaka kumi na mikono hii, sitaki mtoto wa mji huu akute hata gari moja lililoungua. Nataka tuwe na kundi zima."

Jumapili iliyopita alitembea hadi kwenye mabaki ya pikapu iliyopinduka karibu na barabara ya Gatumba, mifupa mitupu, majani yameota kwenye injini. Aliipima kwa kamba, akagonga mlango kusikiliza kutu imeingia kiasi gani. Kabla ya kuondoka alitoa chaki mfukoni, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: HUYU NI WANGU. TWALIBU, BUYENZI.