Kazi ya Kulia

Languida alikuwa muuza samaki pale Gisenyi, kando ya ziwa, na hakuwa muuza samaki wa kushusha bei. Alikuwa anaweka kitunga chini, anakaa, anakunja mikono. Mutu akisema samaki huyu ni mudogo, Languida anamujibu kwamba samaki hana kosa, akaoshe macho kisha arudi. Na mutu alikuwa anarudi. Kwa ajili ya ukaidi huo, Padiri alimukabidhi vijana wa kanisa, wale wanaongoja kipaimara. Padiri alisema mwanamuke asiyeshindwa na wanunuzi hawezi kushindwa na watoto.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne, karibu na Pentekoste. Kanisa letu dogo lilikuwa na sheria yake: kabla Askofu hajamupaka kijana mafuta, kijana awe na kazi kanisani, na kazi hiyo itoke katika kipaji alichopewa na Mungu. Mwenye sauti alipelekwa kwaya. Mwenye mabega alivuta kamba ya kengele. Mwenye mikono ya taratibu alipanga maua. Asiye na kazi alirudishwa kwenye mukeka pamoja na watoto wadogo wanaoanza kujifunza Baba Yetu, na huko atangoja mpaka Askofu apite tena. Na Askofu hakuwa mutu wa kupita ovyo.

Languida alimutafutia kila kijana kazi. Hata yule ambaye hakujua kitu duniani isipokuwa kuamka mapema, alimupa kazi ya kufukuza mbuzi kwenye uwanja wa kanisa. Akabaki Xavérine.

Xavérine alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa analia. Si kwamba alikuwa na shida: baba yuko, mama yuko, chakula kiko. Alikuwa analia tu, kama wengine wanavyopumua. Akiona kuku anavuka njia peke yake, analia. Akiona ndizi mbili zimeshikana, analia kwa sababu kuna siku zitatenganishwa. Walimupa kuwasha mishumaa, akaizimisha kwa machozi. Walimupa kufagia, vumbi likawa tope na fagio likaharibika. Wakamupa kwaya. Siku ya Pasaka, katikati ya Aleluya, alilia vizuri hivi kwamba mama za nyuma walianza kuulizana ni nani amekufa, na muzee mumoja akatoka na jembe kwenda kuchimba kaburi. Alirudi jioni amechoka, anauliza maiti iko wapi.

Baada ya mambo ya kaburi, katekista Damascène alikuja mpaka kwenye samaki za Languida. Damascène alikuwa mutu wa kola iliyopigwa pasi, na alikuwa anasimama mbali na kitunga.

"Mama Languida, ule musichana si Mukristo, ni mvua. Mumurudishe kwenye mukeka."

"Ashwi! Hapana hata kidogo! We Damascène, Mungu anaumba mutu halafu anasahau kumupa kazi?"

"Bon. Kazi yake ni gani?"

"Minaitafuta."

"Jumapili ijayo Padiri anataja majina. Na ukiikosa?"

"Nimekosa nini mi tangu unijue? Toka hapa, kivuli chako kinaharibu samaki."

Xavérine alikuwa nyuma yake, anasugua magamba. Alisikia yote. Akamwambia, "Mama, watoto wale wananifika kwenye goti. Mudogo wangu ndiye atanifundisha Baba Yetu?" Akainamisha kichwa juu ya samaki. Languida alitazama vizuri, akaona kwamba safari hii yalitoka machozi mawili tu, tena kwa shida. Hapo akajua kwamba mutoto huyu ameumia kweli. Usiku Languida hakula.

Sasa, Jumamosi ile kulikuwa na arusi. Bizimana muvuvi alikuwa anaoza binti yake Mukashyaka. Na kila mutu kwetu anajua, musichana akitoka kwa baba yake kwenda kwa bwana ni lazima alie. Wasichana wenzake wanamuimbia nyimbo za kumutuliza, yeye anazidi kulia, ndiyo heshima ya nyumba. Akitoka na macho makavu, watu wa bwana wanasema: huyu alikuwa na haraka gani? Ao walikuwa wanamupiga kwao?

Languida alipofika na samaki za karamu, alimukuta Bizimana nje, jasho linamutoka.

"Mama Languida, tumekufa. Mutoto anacheka."

"Anacheka namna gani?"

"Anacheka na meno yote!"

Ndani, wasichana wa kuimba walikuwa wamesimama midomo wazi, hawana wa kumutuliza. Mukashyaka alikuwa amekaa katikati yao, anang'aa kama sahani. Walikuwa wamemuweka kwenye moshi, akakohoa akacheka. Walikuwa wamemukatia vitunguu vikali vya Kanzenze chini ya pua, akauliza kama kuna nyama ya kuvipika. Mama yake akajaribu mara ya mwisho:

"Mukashyaka, ule mbuzi uliyemulea tangu mudogo, wamemuchinja kwa ajili yako."

"Yewe! Maziwa yake yalikuwa muzuri. Maini amechukua nani?"

"Mwanangu, unatuacha!"

"Mama, minaenda nyuma ya migomba ile. Ukipika minasikia harufu. Nilie nini?"

Na ilikuwa kweli. Kati ya nyumba ya baba na nyumba ya bwana kulikuwa na migomba tu. Lakini ng'ambo ya migomba alikuwa anangoja Mukamazimpaka, shangazi wa bwana arusi, mwanamuke wa kuogopwa. Huyo aliwahi kumurudisha bibi arusi njiani kwa sababu alikuwa anapiga mluzi.

Languida aliweka samaki chini. "Niitieni Xavérine."

Xavérine alikuja, akakalishwa karibu na bibi arusi, akamutazama mara moja na kuanza. Alilia muzuri sana, machozi ya kujaza bakuli. Watu wote ndani wakahema. Lakini Mukashyaka alimugeukia, akamutazama, akajishika mbavu. "Muone pua yake! Muone!" Akacheka mpaka akaanguka kwenye mukeka.

Mulangoni alikuwa fundi cherehani mumoja, jina lake Kadiri, yeye ndiye alileta nguo ya bibi arusi kutoka mutaa wa Waswahili mujini. Alikuwa na kipande kikubwa cha kitambaa cheupe kilichobaki. Languida alikitazama. Kadiri akakishika kifuani.

"Mama Languida, hapana. Mambo ya kanisa mi siingii, mi ni Muislamu."

"Na kitambaa?"

Kadiri alifikiri. "Kitambaa hakikusema kitu," akasema, akakitoa.

Basi wakawafunika wote wawili chini ya kitambaa kimoja, bibi arusi na Xavérine, wakatoka. Kitambaa kilikuwa kinatembea na miguu minne, upande mumoja kinalia, upande mwingine kinacheka. Wasichana walipata la kufanya hatimaye, wakaimba, "Nyamaza, dada, nyamaza." Upande mumoja ukanyamaza kidogo, upande mwingine ukazidi. Bizimana alikuwa anatembea nyuma, anasali rozari bila rozari.

Mwisho wa migomba, Mukamazimpaka alinyosha mukono.

"Simameni. Arusi hii iko na miguu ngapi?"

"Ni huzuni, mama," Languida akajibu bila kupepesa. "Imemuongezea."

"Huzuni imemuongezea miguu?"

"We hujaona huzuni kubwa."

Mukamazimpaka alishika kitambaa, akakiinua. Alitazama musichana wa kwanza, akatazama wa pili.

"Donc basi, munatupatia wawili?"

"Mumoja wa kubaki, mumoja wa kurudi," akasema Languida.

"Na huyu anacheka nini?"

"Shangazi," akasema Mukashyaka, "minakuja hapa karibu, na mutoto wenu ni muzuri. Mungekuwa mimi, mungelia?"

Mukamazimpaka alivuta kitambaa chote, kikaanguka chini. Akamugeukia Xavérine kwa hasira. "Na we? Nani amekufia?"

"Hakuna, mama. Ninakulilia wewe."

"Mimi? Mi niko muzima!"

"Ndiyo, mama. Lakini umesimama sana."

Mwanamuke yule akakaa chini, pale pale njiani, na nguo yake ya sherehe. Alikuwa amezika bwana wake na watoto wake bila kutoa tone, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Sasa alifungua mudomo akalia kama mwanamuke aliyesikia habari leo. Dada zake wakamufuata. Bwana arusi akalia. Bizimana akalia, na Kadiri mwenyewe akajipangusa kwa kona ya kitambaa kile asichotaka kukitoa. Aliyekuwa na macho makavu ni bibi arusi peke yake. Alipita kati yao anawapangusa kwa majani ya mugomba, anawaimbia nyimbo za kumutuliza bibi arusi, kwa kuwa ni nyimbo gani nyingine angewaimbia? Watu wa bwana walisema hawajawahi kupokewa vizuri namna ile na mugeni wao.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, Languida alikuta watu kwenye uwanja wake. Mumoja alitaka aliliwe jembe lililopotea. Mwingine alikuwa na mutumbwi uliovunjika mwaka uliopita, na hakuwa amepata nafasi ya kuulilia mwenyewe. Kadiri alikuja na kofia yake safi. Kaka yake alivuka barrière ya mupaka kwenda Goma na cherehani ya baba yao, hakurudi.

"Utanililia cherehani, mutoto? Ilikuwa nyeusi, na maua ya dhahabu."

Xavérine akalilia cherehani, maua kwa maua. Kadiri aliondoka anatembea wepesi.

Misa ilipoisha, Padiri alianza kutaja majina na kazi. Kengele, huyu. Maua, huyu. Mbuzi, huyu. Akafika kwa wa mwisho.

"Xavérine. Kazi?"

"Analia," akasema Languida kutoka benchi ya mbele.

Damascène akasimama, kola juu. "Padiri, kulia si kazi! Kila mutu anajua kulia."

"Anza basi," sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mukamazimpaka. "Anza, katekista. Tuone."

Damascène alikunja uso. Akabana macho, akavuta pumzi, akatikisa mabega. Alifanana na mutu aliyemeza mufupa. Kanisa lote lilimungoja kwa heshima. Hakikutoka kitu. Mwishowe alisema leo ana mafua, akakaa.

Padiri alimutazama Languida. "Mama, nifanye nini?"

"Padiri, mwenye sauti tumemupeleka kwaya. Huyu, Mungu alimupa maji. Mukitaka, mumurudishie Mungu maji yake, mumwambie hayafai. Mi siendi. Mwende nyinyi."

Padiri alishika ndevu zake, akaziachia, akazishika tena. Xavérine alikuwa amesimama wima, macho makavu kabisa, vidole vinashika sketi. Kule pembeni, watoto wadogo walikuwa wamekwisha kumusogezea nafasi kwenye mukeka.

"Basi," Padiri akasema. "Xavérine atapata kipaimara. Kazi yake ni kuwalilia wenye haja, baada ya misa, nje, pale maji ya paa yanapoanguka. Mbali na mishumaa. Nimesema mbali!"

Hapo Xavérine akacheka. Hakuna aliyewahi kumusikia akicheka, na tulielewa kwa nini Mungu alikuwa amechelewesha jambo hilo. Ilikuwa sauti ya mutumbwi unaovutwa juu ya mawe, na ndani ya mutumbwi kuna bata. Mutoto mumoja alikimbilia nyuma ya altare. Wa kengele alishituka akavuta kamba. Nje, mbuzi zote ziliondoka zenyewe, na hazikuonekana kwa siku nyingi.

"Mama Languida!" Padiri alipiga kelele, mikono masikioni. "Mufanye alie tena! Upesi!"

Languida hakusimama. Alipanga nguo yake vizuri kwenye magoti.

"Hapana, Padiri," akasema. "Leo hayuko kazini."