Kamba ya Mita Hamsini

Mwaka 2004, mvua za masika zikiwa zimeshika, nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, niliripoti kazini kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Aprili. Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache tu iliyopita, nikiketi dawati moja na watoto wa rika la mwanangu. Desimali nilizijua nikiwa na miaka thelathini na sita. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu desimali ndizo zilizonipa kazi, na ndizo nilizoziamini kupita kiasi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya karani wa ukadiriaji katika kamati ya riadha iliyosimamia Kisii na Nyamira. Mkubwa wangu, Mkadiriaji Mkuu, alikuwa mzee aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Huko alikuwa akimpa kila farasi alama, kutokana na muda wake na umbali aliomwacha mwenzake. Alipostaafu na kurudi nyumbani aliuleta ujuzi ule kwa wasichana na wavulana wetu.

Habari hizo zilifika sokoni Nyamache kabla sijafika mimi. Jirani yangu aliyeuza ndizi aliniita mbele ya wateja wake.

"Nasikia mnapima binti zetu kama farasi. Na meno mnawakagua?"

"Wako tutaanzia kwenye ulimi," nikamjibu, "maana wameurithi kwako."

Siku ile ya kwanza Mkadiriaji Mkuu alinifundisha jambo moja tu. Kwa farasi, alisema, pengo hupimwa kwa urefu wa mwili wa farasi, na urefu mmoja ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa msichana anayekimbia mita elfu moja na mia tano, tungehesabu hatua: hatua tatu ni sekunde moja. Anayemaliza kwa dakika nne na sekunde thelathini na mbili hupata alama mia moja, na kila sekunde ya ziada humpunguzia alama moja.

"Muda ni shahidi wa kwanza," alisema. "Pengo ni shahidi wa pili. Muda humsema mkimbiaji akiwa peke yake, pengo humsema akiwa na mwenzake. Wakipatana, andika. Wakigombana, usimchague umpendaye. Nenda kauulize uwanja."

Nilifanya kazi chini yake miaka minne. Nilijifunza kuandika kila kitu kwenye kitabu: upepo, matope, nani alikimbia akikohoa, mvua ilianza saa ngapi. Alistaafu Desemba 2008, na nafasi yake haikujazwa. Nilibaki chini ya Katibu wa Kamati, mtu mwadilifu lakini mwenye haraka.

Mwaka 2009 alitakiwa msichana mmoja tu, wa kutuwakilisha katika mashindano ya taifa. Wanaoshinda huko huonwa na watu wanaotoa nafasi za masomo na za kazi. Wawili walistahili. Moraa alitoka upande wa Kisii, Kerubo upande wa Nyamira, wote wakiwa na umri wa miaka kumi na saba. Jumapili tarehe 22 Februari walikutana Nyamache, na Kerubo alimwacha Moraa kwa hatua kumi na mbili. Nilizihesabu mwenyewe. Hizo ni sekunde nne.

Mchujo wa Aprili ulifanyika kila upande kivyake. Wale wa Nyamira walipima uwanja wao kwa mnyororo wa chuma wa mpima ardhi. Sisi upande wa Kisii tulitengeneza uwanja mpya chini ya kilima cha Nyanchwa, na tepu yetu ya chuma ilikuwa imekatika. Katibu akaagiza kamba ya mkonge ya mita hamsini, ikapimwa ofisini kwa uangalifu na kutiwa rangi nyekundu kila ncha. Kamba nane zingetoa raundi ya mita mia nne. Jumanne tarehe 14 Aprili tulipima na kuchora mistari ya chokaa. Ncha moja ya kamba niliishika mimi.

Ijumaa ile Moraa alikimbia pale kwa dakika nne na sekunde thelathini na nane. Jumapili Kerubo akakimbia kwao kwa dakika nne na sekunde arobaini na saba. Kwa alama, Moraa tisini na nne, Kerubo themanini na tano.

"Bwana Katibu," nikasema, "kule Nyamache Kerubo alimshinda Moraa kwa sekunde nne. Sasa Moraa anamshinda kwa tisa. Hilo ni pengo la sekunde kumi na tatu."

"Siku ile Moraa alikuwa na mafua."

Mshika saa wetu, Bwana Ouma, mtu wa ziwani asiyeweza kunyamaza, aliinua kichwa. "Mafua ya sekunde kumi na tatu? Hiyo ni nimonia, Bwana Katibu."

Katibu hakucheka. "Saa haina ukoo wala haina rafiki. Andika, Mama Nyaboke."

Nikaandika. Mashahidi walikuwa wamegombana mbele yangu, nami sikwenda kuuliza uwanja. Sikuhongwa wala sikuogopa. Niliitazama ile tisini na nne, safi kwenye mstari wake, nikaona haiwezekani namba iliyopatikana kwa hesabu sahihi ikawa na kosa. Moraa akaenda, na baadaye akapata kazi nzuri. Kerubo sikumsikia tena.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 2022. Stoo ilikuwa ikisafishwa, na vitu visivyotakiwa tuligawana. Mimi nilichukua ile kamba, rangi nyekundu ikiwa bado kwenye ncha zake, nikaizungusha baina ya nguzo za uani ili nianikie nguo.

Jumatano tarehe 9 Novemba ilinyesha tangu asubuhi. Nilitoka kuanua nguo nilizosahau, nikasimama. Kamba iliyokuwa ikilegea kiangazi chote ilikuwa imekaza kama uzi wa obokano, kinubi chetu cha Kisii, na nguzo ya pembeni, niliyoisimamisha mwenyewe, ilikuwa imeinama. Hakuna aliyeigusa. Maji ndiyo yaliyoivuta.

Nilisimama mvuani hadi leso yangu ikalowa, kisha nikaingia ndani nikafungua daftari langu la 2009. Kwenye ukurasa wa 14 Aprili, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Mvua tangu alfajiri. Tumepima uwanja.*

Niliifungua ile kamba, nikailaza kando ya ua na kuipima kwa tepu ikiwa bado imelowa: mita arobaini na saba na sentimita themanini. Baada ya siku nne za jua nikaipima tena: mita hamsini kamili. Uwanja tuliouita wa mita mia nne ulikuwa wa mita mia tatu themanini na mbili na kidogo. Nikakokotoa muda wa Moraa kama uwanja ungekuwa kamili: dakika nne na sekunde hamsini na moja. Alama themanini na moja. Kerubo alikuwa mbele yake kwa sekunde nne, yaani hatua kumi na mbili. Mashahidi wawili walikuwa wamepatana, miaka kumi na mitatu baadaye, juu ya meza yangu ya jikoni.

Niliandikia kamati. Mwenyekiti wa sasa, kijana mwenye adabu, alinipigia simu.

"Mama, nani atauliza? Huyo Kerubo mwenyewe sasa ni mama wa watoto watatu. Wewe umestaafu na jina lako zuri. Unalichafua kwa nini?"

"Jina langu liko chini ya ile tisini na nne," nikamwambia. "Nataka litoke pale."

Kikao kiliitishwa Ijumaa tarehe 17 Machi 2023. Kerubo alialikwa. Alikuja kutoka Nyamira, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, vidole vyake vimekolea rangi ya majani ya chai. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alisikiliza habari ya kamba hadi mwisho, mikono mapajani.

"Mama, mimi sikuwahi kukasirika," alisema. "Nilijua nilimshinda Moraa Nyamache. Lakini ubaoni niliona namba. Nikasema hesabu haiwezi kudanganya, basi miguu yangu ndiyo iliyonidanganya. Wiki ile ile nikaacha mbio."

Hakuna neno lililonigonga kama hilo maishani, hata la daktari wa mume wangu. Yeye, kama mimi, aliinamia namba. Tofauti ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimefundishwa kuuliza.

Katibu wa sasa alisoma masahihisho. Nikaitwa nikate kwa mkono wangu ile tisini na nne, niandike themanini na moja, na kutia sahihi na tarehe. Kerubo akasogea, akaweka kidole chake cha chai kwenye mstari uliofuata.

"Na yangu?"

"Yako haibadiliki," nikasema. "Ilikuwa themanini na tano siku ile, na ni themanini na tano leo."

Akaomba kalamu, akatia sahihi yake pembeni mwa ile themanini na tano, na Mwenyekiti akapiga muhuri.