Aliyeitikia Jina la Watiri

Jua halijapanda vizuri juu ya soko la Karatina, na Wachuka wa Theuri tayari ameketi juu ya gunia lake, ungo magotini. Anachambua maharagwe ya kuuzwa na wengine. Jiwe anatupa huku, punje iliyooza kule, na maharagwe mazima yanateremka ndani ya beseni kwa sauti kama ya mvua ndogo. Macho yake yamefifia. Vidole ndivyo vinavyoona.

Wakonyo, mwenye maharagwe hayo, amemwekea kikombe cha uji kando ya mguu na kukifunika kwa kisahani, nzi wasije wakamtangulia. Anaweka, anarudi kwenye magunia yake.

Mara sauti inaita kutoka upande wa viazi. "Watiri! We Watiri, kuja uchukue chenji yako!"

"Niko!" Wachuka anaitikia na kuinua kichwa.

Kisha anakumbuka. Anacheka kidogo, anatikisa ungo. "Ati niko. Mtoto wa wenyewe anaitiwa chenji, mimi nainua shingo."

Jina hilo si lake. Ni la rafiki aliyemzika miaka kumi iliyopita, mwaka 1974, na ndilo lililomtia taabuni alipoacha kazi.

Wachuka alianza kuchuma kahawa mwaka 1958, katika shamba kubwa upande wa Nyeri ambalo, kwa ombi lake, hatulitaji. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Mumewe, Theuri, alichukuliwa na askari wa mkoloni wakati wa hali ya hatari na hakurudi. Shamba lilimpa chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi, wanazoziita laini, na chumba cha pili kilikuwa cha Watiri, aliyekuwa na binti mmoja, Warigia.

"Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao," anasema Wachuka. "Nikikosa chumvi, nagonga. Yeye akikosa kiberiti, anagonga. Sikuwa nafunga mlango wangu."

Mwaka huo wa 1974, kahawa ilipoanza kuiva, Watiri aliugua kifua. Alikohoa hadi akashindwa kusimama. Na sheria ya shamba ilijulikana: mchumaji asiyeonekana kazini kwa wiki moja alitoka laini, achukue vyombo vyake aende. Watiri hakuwa na pa kwenda. Warigia alikuwa ndio kwanza ameanza chuo cha ualimu.

Kila asubuhi wachumaji walipanga mstari na nyapara, mzee Gicheru, akaita majina. Ukiitwa unasema "niko". Mwisho anahesabu vichwa, na vichwa lazima vilingane na majina yaliyoitikia. Kwa hiyo anayetaka kumwitikia mwenzake ilimbidi aliache jina lake mwenyewe lipite kimya, na siku hiyo akose mshahara.

Wanawake walikubaliana wapeane zamu.

"Nyumbani hiyo tunaita ngwatio," anaeleza. "Leo tunalima kwako, kesho kwangu. Sasa sisi tulilima na midomo."

Lakini zamu haikuzunguka. Mtoto wa Wamucii alishikwa na surua. Mwingine alidaiwa karo. Kila mmoja alikuwa na midomo nyumbani ya kulisha, na Wachuka alikuwa na wake tu. "Nikawaambia, wacheni. Mimi nitamaliza huu mwezi." Mwezi ukaisha, akaongeza mwingine. Mshahara wa Watiri alimpelekea kitandani, na kila mara Watiri aliugawa nusu kwa nusu, akakataa kulala mpaka Wachuka apokee fungu lake.

Watiri alifariki kabla ya Krismasi, ndani ya chumba chake, chini ya blanketi lake. Kwa kuwa alihesabiwa kuwa kazini, shamba lilimlipa Warigia kiinua mgongo cha mama yake. Pesa hizo zilimsomesha hadi akawa mwalimu.

Kitu kimoja Wachuka hakukijua. Mfanyakazi aliyekosa siku thelathini mfululizo, miaka yake ya kazi ilihesabiwa upya kutoka mwanzo.

Alilijua hilo mwaka 1977. Bei ya kahawa ilikuwa imepanda, na kila kilima kiling'aa kwa mabati mapya. Macho na magoti ya Wachuka yalikuwa yamekataa kazi, akaaga. Kwa miaka kumi na tisa ya kazi alitarajia shilingi 1,140, ajenge chumba katika kiwanja cha kaka yake karibu na Karatina. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 180, za miaka mitatu tu.

Karani wa shamba, Kihara, alimwachia kiti chake mwenyewe, yeye akasimama.

"Mama, hapa inaonyesha ulikosa kazi msimu mzima. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa shambani."

"Basi mbona hukuitikia jina?"

Wachuka akaanza kuikunja bahasha.

"Mama, nisaidie nikusaidie. Ulikuwa mgonjwa? Niandike mgonjwa?"

"Usiniandikie ugonjwa, kijana. Utanipata kweli."

Alirudi mara tatu, na mara zote tatu alinyamaza pale pale. Angesema ukweli, Warigia angedaiwa pesa za marehemu mama yake, na wale wanawake wa mstari wangefukuzwa na watoto wao. Asingesema, angelala kwa kaka yake kama mgeni hadi kufa.

"Nilikuwa nalia njiani," anasema. "Nikifika kwa watu napangusa."

Mara ya tatu ilinyesha. Kihara alimsindikiza hadi langoni kwa mwavuli wake, akamwachia mwavuli, akarudi ofisini akilowa. Jioni hiyo alimweleza Gicheru habari za mama asiyetaka kujitetea.

Gicheru hakuuliza kitu. Alikuwa akijua tangu siku ya kwanza. Jioni alipita dirishani kwa Watiri akasikia kikohozi, na asubuhi jina lile lile liliitikiwa mstarini kwa sauti nzima. Alipofika kwenye jina hilo, hakuwahi kuinua macho, na jina la Wachuka hakulipeleka kwenye orodha ya wa kutolewa laini.

Kesho yake alivua kofia mbele ya meneja. Kihara alikuwepo, na ndiye aliyetusimulia.

"Huyu mama alikuwa kazini, bwana. Mimi ndiye sikumsikia."

"Msimu mzima humsikii mtu mmoja?"

"Ako na sauti ndogo, bwana."

Kihara aliinamia karatasi asionekane akicheka. Wachuka akiita mbuzi, bonde la pili linageuka.

Wachuka alilipwa shilingi 960 zilizobaki. Gicheru alivuliwa unyapara. Alipelekwa kwenye meza za kuanikia kahawa, kuigeuza juani na kuifunika mvua ikija, pamoja na vijana, kwa mshahara wa vijana.

Wachuka alimpelekea nusu ya zile pesa, zimefungwa ndani ya leso. Mzee hakuifungua.

"Nyumba ya Theuri," alimwambia, kwa heshima ya mke wa mtu, "na mimi nilikuwa kwa hiyo ngwatio. Zamu yangu tu ndiyo ilikuwa haijafika."

Gicheru alifariki mwaka jana, bado akigeuza kahawa. Shamba limeuzwa na kugawanywa, laini zimebomolewa, wanawake wa mstari wametawanyika. Ndiyo maana Wachuka amekubali sasa kusema.

Chumba chake kimesimama, cha mbao na mabati. "Ni kizuri," anasema. "Lakini mvua ikinyesha sipati usingizi. Si kelele. Naona yule mzee amesimama nje kwa meza za kahawa."

Warigia, ambaye sasa anafundisha Kutus, alielezwa mwezi uliopita. Wachuka anasema alilia kama siku ya mazishi, kisha akafungua mkoba.

"Tata," alisema, kama anavyoitwa shangazi kwao, "nitakurudishia yote."

"Ukinipa, nitakuwa nilimuuzia mama yako zile asubuhi," Wachuka alimjibu. "Funga mkoba, tunywe chai."

Warigia ni mjamzito. Binti yake wa kwanza, kama desturi inavyotaka, alipewa jina la mama wa mumewe. Akizaa msichana wa pili, jina ni la upande wake, la mama yake mzazi.

Wachuka anatikisa ungo, anapuliza maganda. Uji wake umepoa, hajauonja.

"Naomba Mungu awe msichana," anasema. "Nataka niishi mpaka ajue kuongea. Siku hiyo nikisikia Watiri akiitwa, mimi nitanyamaza. Aitikie mwenyewe."