Siku Nilipomunyamazisha Wifi Yangu

Mimi mwenye kucheka namna wenzangu wanasema, leo municheke mimi.

Juzi watu wa Kabambare walikuja hapa Kasongo kumuposa mujukuu wangu. Walitembea siku tatu, na karatasi ya ruhusa ya Bula Matari, serikali ya Wazungu, mufukoni. Kwetu, aliyemulea binti ndiye anawajibu waposaji, na wifi yangu wa shamba, kule Wamaza, ndiye alimulea. Nikamukataza.

"Wifi, ukifungua kinywa, shamba lote linasikika. Watatuzarau. Acha mimi niseme Kiswahili cha mujini."

Akanyamaza. Nikasema mimi, nikichagua maneno moja moja kama mutu anayepeta muchele.

Bibi yao mumoja, muzee sana, alinisikiliza mupaka mwisho, akapiga makofi.

"Asante, dada! Tuliogopa majivuno ya Kasongo, kumbe wametuwekea mutu wa kwetu. Kule Kabambare ulizaliwa kijiji gani?"

Mimi sijalala Kabambare hata siku moja!

Akamugeukia wifi yangu, akainama kwa heshima. "Na wewe mama uliyetulia, bila shaka ndiwe mwenyeji wa mujini?"